Nyuma ya Karatasi

Bwana Jeilani wa Langoni alikuwa na tumbo la heshima. Lilimtangulia msikitini, likasalimu wageni kabla yake, na mwaka ule wa hamsini na nne hapakuwa na mtu Amu nzima aliyeliona kuwa ni maradhi. Mwenye nyumba tatu za mawe na shamba la minazi, mji ulisema, akiwa mwembamba huenda kuna jambo analificha. Mkewe, Bi Umulkheir, ndiye aliyelilea tumbo hilo kwa miaka ishirini na sita: mahamri asubuhi, wali wa nazi adhuhuri, mkate wa mofa na mchuzi wa samaki jioni, na halua ya kusindikizia kahawa katikati. Alijivunia kazi yake.

Magoti ndiyo yaliyoleta fitina. Nyumba za Amu zimekwenda juu, ngazi zake zina mwinuko mkali, na ilifika siku Jeilani akawa anapumzika kila baada ya ngazi tatu, huku akiwalaumu waashi waliokufa zamani. Akaenda Mombasa kwa daktari mmoja wa Kihindi aliyesifiwa, akakaa huko wiki mbili, akarudi na karatasi moja iliyopigwa taipu, imekunjwa mara nne ndani ya bahasha.

Siku ile ile alimwita Mohdhar, karani wa forodha, aje amsomee. Hakusema hivyo, bila shaka. Alisema macho yamechoka na safari. Ukweli, ambao Langoni nzima iliujua na hakuna aliyeutamka, ni kwamba Jeilani alisoma herufi za Kiarabu vizuri sana, lakini herufi za Kizungu hakuzijua hata moja, na kwa umri wake na nyumba zake tatu hakuwa tayari kulikiri hilo mbele ya karani.

Bi Umulkheir alikuwa nyuma ya pazia, akimimina kahawa.

"Niande wapi, Bwana?" Mohdhar akauliza.

"Huandwa wapi? Anda yuu."

Mohdhar akaanza juu. Bwana Jeilani aache vyakula vya wanga na sukari: wali, mkate wa kila namna, uji, viazi, muhogo, ndizi, tende na halua. Ale nyama, samaki, mayai na mboga za majani, na samli asiiogope. Aliposikia samli, Jeilani aliinua mkono kama mtu anayesimamisha punda.

"Basi. Yatosha. Hunu ndiye daktari."

"Kuna na nyuma, Bwana. Pameandikwa na nyuma."

"Nyuma tasoma mwenyewe," akasema Jeilani.

Mohdhar alikuwa kijana wa adabu, na adabu nyingine zina hasara zake. Akaikunja karatasi, akanywa kahawa yake, akaenda zake. Bi Umulkheir aliyasikia yote, akaona ni jambo dogo, akarudi kwenye vikombe.

Kesho yake karatasi ilipelekwa kwa seremala. Jeilani aliagiza fremu ya mbambakofi iliyochongwa maua pembe zote nne, kioo mbele, ubao nyuma, na misumari kumi na sita ya kuushikilia ubao usitikisike. Ikatundikwa ukumbini, mkono wa kulia wa Ayatul Kursi. Upande wa mbele ulikitazama chumba, na upande wa nyuma ukatazama ubao, na ubao ukatazama ukuta.

Na lazima tuseme haki: dawa ilimfaa. Mwezi wa kwanza kanzu zililegea. Mwezi wa pili Jeilani alipanda ngazi zote kwa pumzi moja, akasimama juu darini akamwita mkewe aje amwone. Bi Umulkheir alimtazama akilia kidogo kwa furaha, kwa maana alikuwa ameanza kuogopa ujane. Sufuria kubwa ya wali akaifunika juu ya kabati. Kama neno la kwenye fremu lilimrudishia mumewe, yeye ni nani wa kulitilia shaka?

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Jeilani alipoona watu wanamsifu kiuno, alidhani wanamsifu elimu. Akawa kila alasiri amekaa barazani akieleza ubaya wa wali kwa watu waliokuwa wametoka kuula. Mtu akija na kikohozi, aache mkate. Akija na kesi ya mpaka wa shamba, Jeilani atamsikiliza mpaka mwisho, kisha atamuuliza jana alikula nini. Wanaume wa mtaani wakaanza kuja ukumbini na kalamu kunakili ile karatasi, kama watu wanavyonakili dua iliyojaribiwa ikaponya. Wakaipa jina: Karatasi, basi. Ikawa fulani yumo kwenye Karatasi, na fulani ametoka kwenye Karatasi, na huyo aliyetoka husalimiwa kwa upole kama aliyefilisika.

Juu kabisa ya karatasi lilikuwapo jina la Bwana Jeilani, umri wake na uzito wake. Walilinakili na hilo. Kwa hiyo Langoni palikuwa na wanaume kumi na wanane wenye hati iliyosema kwamba wao ni Jeilani, wana miaka hamsini na mitatu, na ni wazito kuliko gunia la mchele.

Dalili ya kuwa dawa imemwingia mtu, walifundishana, ni pumzi. Pumzi ya Jeilani ilikuwa imeanza kunuka ndizi mbivu zilizosahauliwa kapuni, na badala ya kutafuna iliki, aliwapumulia watu kwa fahari. Wafuasi wakawa wakikutana wanapumuliana. Muuza mofa, mtu wa masihara, alisema Karatasi haijampunguzia biashara, imeihamisha tu: asubuhi hakuna mteja, na baada ya Maghribi mlango wa nyuma haufungiki.

Karamu ndiyo iliyotaka kuuvunja mji. Amu hula karamu kwa sinia, watu watano wamelizunguka pilau moja, nyama imewekwa juu, na adabu ni kwamba kila mtu hula upande wake na nyama humegwa kidogo kidogo, mkubwa akimsogezea mdogo. Katika harusi ya mwezi wa Rajabu, Jeilani aliketi na watu wanne wasio na habari, akasema Bismillahi, akamaliza nyama yote ya sinia kwa niaba ya afya yake. Harusi iliyofuata watu walimkimbia, na wenye shughuli wakaona ni busara wawaweke watu wa Karatasi pamoja. Nyama haikufika hata mwisho wa dua. Wakabaki watano wanautazama wali kama mali ya yatima: waliutaka, na hakuna aliyethubutu kuugusa.

Miongoni mwao alikuwapo Mzee Athman, mshona kofia, mtu mwembamba tangu kuzaliwa, ambaye kanzu ikimkaa huonekana bado iko kwenye kamba. Athman hakuwa na kitu cha kupunguza. Lakini maisha yake yote hakuwahi kukaribishwa kwenye baraza ya Jeilani, na Karatasi ilikuwa mlango. Kila wiki alikaza mshipi wake tundu moja, na wenzake wakamwambia mashallah.

Bi Umulkheir alikuwa akiyacheka haya jikoni na jirani zake. Aliyacheka mpaka Swafiya alipokuja kuzaa.

Swafiya, kitinda mimba wake, aliolewa Chundwa na Fadhil, mkulima na mvuvi, kijana mtulivu asiyejua kubishana. Na ada ni ada: mimba ya kwanza hurudi kujifungulia kwa mama. Akaja na mashua pamoja na zawadi za mumewe, gunia la mtama mweupe wa shamba lao na kikapu cha tende, kwa ajili ya uji wa arubaini. Akajifungua mtoto wa kike mzuri, siku ya Ijumaa, mikononi mwa Bi Nana, mkunga aliyewapokea nusu ya watu wa Langoni na hakuwa na heshima kubwa kwa nusu hiyo.

"Sasa uji," akasema Bi Nana akinawa mikono. "Mtama, pilipili manga, tangawizi, sukari isiwe haba. Mara tatu kwa siku. Mzazi ni mtungi uliomwaika. Hujazwa."

Jeilani, aliyekuwa amesimama mlangoni kumwadhinia mjukuu, aliposikia uji alisahau kutabasamu.

"Uji ni wanga. Karatasi yasema wanga uatwe. Nyumba hini hautangia."

"Karatasi imezaa wana wangapi?" akauliza Bi Nana.

"Yeo nyumba nzima yatafuata ndia moya. Nyama ipo, samli ipo, mayai yapo. Mwanangu hatakufa ndaa mbele ya samli."

Akaliburuta gunia na kikapu mpaka ghalani, kwa mikono yake mwenyewe, maana siku hizi aliweza, akafunga kufuli, akatia ufunguo kwenye mshipi wake mpya, mwembamba.

Hapa ndipo Bi Umulkheir angeweza kusimama. Tumseme, maana yeye mwenyewe alijisema maisha yake yote yaliyobaki. Alikuwa amezaa watano na wote aliwalea kwa uji huo huo. Mikono yake ilijua. Lakini alimtazama mumewe akiburuta gunia, mtu ambaye miezi mitatu nyuma hakuweza kuburuta miguu yake, na moyo wake ukasema labda sisi akina mama tulikuwa wajinga siku zote. Alijaribu mara moja tu.

"Bwana, mwana hunyonya. Mimi wanangu watano niliwalea kwa uji."

"Ndiyo maana wote wana matumbo," akasema Jeilani, akacheka, na Swafiya naye akacheka kitandani, akasema, "Mama, nami nataka kurudi Chundwa na kiuno changu."

Basi ikawa. Asubuhi mayai kwa samli, adhuhuri nyama, jioni samaki wa kukaanga bila hata kipande cha muhogo cha kumsindikiza. Siku ya tano Bi Nana alikuja na kibuyu cha uji amekificha ndani ya buibui, akakitoa jikoni kimya kimya.

Bi Umulkheir alikitazama kile kibuyu. Harufu ya pilipili manga ilijaza jiko.

"Kirejeshe, Bi Nana," akasema. "Usinivundie nyumba."

Bi Nana alikirudisha ndani ya buibui, akateremka ngazi.

Wiki ya pili maziwa yalipungua. Mtoto alinyonya, akaachia, akalia, akarudishwa, akaachia. Wiki ya tatu Swafiya alipoteza hamu ya chakula. Samli ilimtia kichefuchefu na nyama ilimkaa kinywani kama uzi. Kwa kuwa hakuna kingine kilichoruhusiwa, akawa hali. Alikuwa na kiu isiyoisha. Alikaa kitako kitandani akahema kama mtu aliyepanda ngazi, na hakuwa amepanda kitu.

Siku ya ishirini na mbili, asubuhi, alitapika mara tatu. Bi Umulkheir alipomwinamia kumpangusa uso alisikia ile harufu, ndizi mbivu zilizosahauliwa, kali kuliko ya mumewe. Akamwita Jeilani. Jeilani alikuja, akainama, akanusa, na uso wake ukang'aa.

"Alhamdulillahi. Dawa imengia."

Akaenda zake barazani kuwapa wenzake habari njema.

Bi Umulkheir alibaki na mtoto mikononi. Mtoto hakuwa akilia tena. Alifungua mdomo, ikatoka sauti ndogo kama mlango wa kabati, akanyamaza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wakati ule Bi Umulkheir aliujua mara mbili, wa kitandani na wa mikononi. Hofu aliyoipata haikuwa na jina la mume ndani yake. Alimweka mtoto, akachukua mchi wa kinu, akashuka ghalani, akalipiga lile kufuli mpaka likaanguka pamoja na kipande cha mlango.

Alipika uji. Swafiya alimeza mafunda mawili, akayatapika.

"Mama," akasema polepole, "nyumba yazunguka. Mbona mato hayaoni vyema?"

Bi Umulkheir alimwita Bi Nana kwa dirisha, na Bi Nana alikuja mbio, akamtazama Swafiya, akasema huyu si wa kwangu tena, huyu ni wa hospitali, na mtoto nipe mimi nimtafutie wa kumnyonyesha. Na ilikuwa wakati Bi Umulkheir anavaa buibui yake, amesimama katikati ya ukumbi, ndipo alipoinua macho akaiona fremu. Sauti ya Mohdhar ikamjia kama iliyosemwa jana. Kuna na nyuma, Bwana. Pameandikwa na nyuma.

Aliishusha kutoka ukutani. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani.

Watu wa leo hawatajua maana ya hili. Bibi wa nyumba ya mawe, siku zile, hakutoka mchana. Alitoka jua limeshuka, na kijakazi mbele, kwenda kwenye harusi au matanga. Bi Umulkheir alitoka saa sita na nusu, peke yake, jua la utosi, akipita njia kuu, amekumbatia fremu ya maua kama mtu anayehama. Wauza samaki waliacha kunadi. Punda walimpisha. Na njia ya hospitali, bahati ilivyo, hupita mbele ya baraza ya Bwana Jeilani, kwenye nyumba yake ya pili, ambako Jeilani alikuwa amefikia mahali pa kueleza jinsi pumzi ya binti yake ilivyofunguka.

Alimwona. Akasimama.

"Bi Umulkheir. Wendapi na mtana hunu?"

"Mwanao anakufa," akasema, na hakusimama.

Jeilani alimfuata, na baraza nzima ikamfuata Jeilani, watu kumi na zaidi wenye viuno vyembamba, wengine viatu mkononi.

Hospitalini siku ile daktari alikuwa safarini Faza. Aliyekuwapo ni Jamaludin, dresa aliyemsaidia daktari, mtu wa Mombasa, mfupi, mwenye miwani. Alikuwa anamnywesha mtu chai ya sukari nyingi kwenye benchi, na mtu huyo alikuwa Mzee Athman, aliyeanguka alfajiri msikitini katika rakaa ya pili. Wenzake walidhani amezidiwa na unyenyekevu, wakamwacha mpaka salamu.

Bi Umulkheir alieleza kwa maneno machache: kuzaa, kutapika, kuhema, harufu. Jamaludin hakumaliza kusikiliza. Alimwita msaidizi wake, akaamuru machela na wanaume wanne waende Langoni mara moja, kisha akaanza kutayarisha chupa ya maji ya sukari ya kutia mshipani.

"Amekula nini siku hizi ishirini?" akauliza, mgongo umemgeukia.

"Kilichosema hini." Akaiweka fremu mezani, kifudifudi. "Nisomea nyuma."

Jamaludin aliitazama misumari. Akachukua koleo. Wakati huo Jeilani na baraza yake wakafika mlangoni, wakajazana, huku misumari ikitoka mmoja mmoja, kumi na sita, ikilia kwenye sahani ya bati. Ubao ukainuliwa. Nyuma ya karatasi ilikuwa imejaa maandishi mpaka chini.

Jamaludin aliisoma kwa macho. Kisha akaivua miwani, akamnyooshea Jeilani ile karatasi.

"Herufi ni kubwa, Bwana. Wasomee wenzako."

Jeilani aliipokea. Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu. Aliigeuza, akaona jina lake asiloweza kulisoma, akaigeuza tena. Mkewe alimtazama na, pamoja na ghadhabu yote aliyokuwa nayo, alimwonea huruma, na kujionea aibu kwa huruma hiyo.

"Sizisomi herufi hizi," akasema Jeilani. "Sikuzisoma kamwe."

Jamaludin aliichukua akasoma, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya abiria. Amri hii imeandikwa kwa ajili ya mwili wa Bwana Jeilani, na si ya mwingine. Asipewe mwanamke mwenye mimba. Asipewe mama anayenyonyesha, kwa maana anakula kwa watu wawili, na akinyimwa wanga mwili wake huweza kuchacha kwa ghafla, na dalili zake ni kutapika, kuhema na pumzi kunuka. Asipewe mtoto anayekua. Asipewe mtu mwembamba wala aliyedhoofika. Mwenye maradhi ya figo, ya ini au ya nyongo, na mwenye ugonjwa wa sukari anayepigwa sindano, wasijaribu mpaka daktari awaone. Na Bwana Jeilani mwenyewe arudi Mombasa baada ya wiki sita nimpime damu, asikose.

"Ni wiki ngapi sasa?" Jamaludin akauliza.

Kwenye benchi Mzee Athman, ambaye alikuwa amelisikia neno mwembamba, aliinua kikombe chake na kuomba kiongezwe sukari.

Swafiya aliletwa kwa machela akiwa hajui alipo. Sindano ilimwingia mkononi, chupa ikatundikwa, na mama yake akakaa sakafuni kando ya kitanda akihesabu matone. Jeilani alisimama nje ya dirisha mpaka Alasiri, mpaka Maghribi, na watu waliopita walimwona akilia bila kujificha. Baraza yake ilikuwa imetawanyika. Asubuhi ya siku ya pili Swafiya alifumbua macho akamwambia mama yake ana njaa, na Bi Umulkheir hakuwahi kusikia neno tamu kuliko hilo katika lugha yoyote.

Uji wa Chundwa ulipikwa ndani ya chungu kikubwa. Bi Nana ndiye aliyeukoroga, na kwa ukarimu ambao haukuwa desturi yake hakusema kitu juu ya kibuyu. Bi Umulkheir alitamani aseme. Maziwa yalirudi polepole, yakawa haba kwa siku kumi, kisha yakatosha, na mtoto, aliyekuwa amenyonyeshwa na wanawake watatu wa mtaa, akarudi kifuani kwa mama yake akiwa na ndugu wa kunyonya sita.

Fremu ilirudi ukutani. Jeilani mwenyewe ndiye aliyempelekea seremala, akaamuru kioo kiwe upande wa nyuma. Haikupita wiki, wanaume wakaanza kuja tena na kalamu, kunakili upande mpya. Na hapo ikagunduliwa kwamba mtaa wa Langoni umejaa maradhi ya figo. Watu wenye afya ya punda walishika viuno vyao barazani, wakasikitika, wakasema wangependa sana kuendelea, lakini amri ni amri, na wakaenda kula pilau. Katika karamu ya Maulidi hakuna aliyeligusa sinia kwa adabu kama wao.

Watu walimsifu Bi Umulkheir. Walisema ni mwanamke aliyetembea mchana akaokoa roho mbili. Yeye alikuwa akijibu alhamdulillahi, kisha akiondoka chumbani. Hawakujua kwamba alikuwa nyuma ya pazia. Kuna na nyuma: maneno matatu, alikuwa nayo tangu siku ya kwanza, na kibuyu cha uji aliletewa mpaka jikoni kwake akaamuru kirudishwe.

Jeilani alikwenda Mombasa, akapimwa, akarudi na karatasi mpya. Mohdhar aliitwa. Safari hii Jeilani hakusema lolote juu ya macho kuchoka, alisema tu, "Nisomea, mwanangu, mimi siyui." Mohdhar alifungua bahasha, akaikunjua karatasi, akasafisha koo.

"Anda na nyuma," sauti ya Bi Umulkheir ikasema kutoka nyuma ya pazia.

Mohdhar akaigeuza. "Nyuma hapana kitu, Bi. Ni peupe."

Pazia likasogea, na mkono ukatoka, kiganja wazi.

"Lete nione," akasema.